Mgagani Kati ya Kabichi

12 Juni 1983, Jumapili

Daftari hili nimepewa na mwanangu Clemens leo, kabla hajapanda lori la parokia kurudi seminari. Shemasi Clemens, niandike sawasawa. Kasema, "Mama, andika kila siku, hata mstari mmoja. Nikishakuwa padri nitasoma nijue nyumbani kulikuwaje." Nikamwambia mama yako ana darasa la nne la masista, na mwandiko wangu sista aliuzungusha darasa zima wauone. Akacheka. Mwanangu akicheka, hata kuku wanasimama kumtazama.

Upadirisho ni tarehe mbili Oktoba, hapa hapa kigangoni kwetu. Askofu atakuja mwenyewe. Baada ya ibada nilisimama mbele ya akina mama nikasema: nyama na mchele tafuteni ninyi, kabichi ni zangu. Kabichi za watu mia tatu.

Salvina, mwenyekiti wetu, akadakia: "Kabichi na jua hili, Mama Clemens? Hizo si za nchi za baridi?"

"Utazila, Mama Marcel. Na utaomba uongezwe."

"Na wadudu?"

"Wadudu watanikuta na mikono miwili na rozari. Dawa sitii."

Wakapiga vigelegele. Baba Clemens, yaani mume wangu Pantaleo, alinivuta kanga nikae.

13 Juni

Nimelima matuta kumi na mawili kule mbugani, karibu na kisima. Mgongo unauma.

26 Juni

Miche imehamishwa kutoka kitaluni hadi matutani. Mia nne na kumi! Nimeifunika moja moja kwa majani ya migomba. Maji nabeba madebe ishirini asubuhi, ishirini jioni. Kila ninapomwagia kabichi, magugu nayo yanakunywa. Mgagani umeota kati ya matuta, laini kama wa masika.

Mayu Coletha alikuja kuuchuma. Mayu kwetu ni mama. Huyu ni jirani yetu, mjane, watoto wake wote wametangulia. Ndiye aliyempokea Clemens mikononi siku namzaa, na ndiye mama yake wa ubatizo. Macho yake mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia, maana kuni hana wa kumkatia. Yeye kuchuma haombi, na hakuna anayeomba. Kwetu mboga iliyojiotea shambani ni ya mkono ulioifikia. Kumzuia mtu mgagani ni kama kumzuia upepo. Mimi napenda aje. Wakati huu wa kiangazi hakuna jani bichi popote ila kwangu.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba, mama wa padri wangu."

Padri wake! Nimemwachia tu, ni mzee.

3 Julai

Jua. Baba Clemens anasema natembea kwa maringo. Mwenye padri asitembee?

19 Julai

Viwavi. Wadogo, wa kijani, wanakaa chini ya jani na kutoboa. Ukiwagusa wanajirusha na kuning'inia kwa uzi. Mayu Coletha kaniletea majivu kwenye ungo na pilipili aliyoitwanga. "Nyunyiza alfajiri jani likiwa na umande. Halafu uwatoe kwa mkono, kila siku, usiruke hata moja."

20 Julai hadi 29 Julai

Naandika pamoja maana siku zote zimefanana. Majivu. Pilipili. Kuwatoa kwa mkono. Kesho wamo tena. Macho yananiwasha, na sabuni ya kunawia haipo duka la kijiji tangu Mei.

6 Agosti

Salvina alipita na wenzake watatu kutoka kusaga. Aliinua jani moja akalitazama juani, likawa lote matundu.

"Mama Padri, hii kabichi au wavu wa dagaa?"

Wakacheka mpaka mmoja akatua debe lake la unga. Nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nilikaa jikoni nikalia, na sisemi uongo kwenye daftari la mwanangu.

7 Agosti, Jumapili

Leo sikwenda ibada. Nilisema tumbo.

Kwenye ghala letu la pamba kuna dawa iliyobaki ya msimu uliopita, dumu la bati la lita tano, chini ya magunia. Bwana shamba Selestine alipotugawia alisimama juu ya jiwe akapaza sauti: "Hii ni ya pamba. Ya pamba tu! Isiguse chakula, isiguse mboga, dumu msitekee maji." Nilimsikia, nilikuwa mstari wa mbele. Lakini nikafikiri pamba ina jani, kabichi ina jani, kiwavi ni kiwavi. Na kuvuna ni mbali, jua litaimaliza.

Nilitia kifuniko kimoja kwenye ndoo ya maji, nikanyunyiza kwa kicha cha majani makavu. Wakati huo watu wote wako ibadani. Inanuka kama ghala lenyewe. Dumu nimelirudisha chini ya magunia.

9 Agosti

Wamekufa! Wote! Wamejikunja wameanguka kama chenga za mtama. Asante Mungu.

13 Agosti

Salvina kapita tena. "Ehe, Mama Padri, umefanyaje?" Nikamwonyesha viganja vyangu: "Hivi viwili, na mafumbo matano ya rozari kila alfajiri." Akatikisa kichwa. Sasa ni mbiu ya kigango kizima. Katekista naye ameitaja kwenye mahubiri.

Baba Clemens hajui. Bwana shamba hajui. Mayu Coletha alisema tu, "Hata panzi hawapo humu. Hata nyuki." Nikamwambia ni jua.

17 Agosti

Mayu Coletha kichwa kinamuuma na alitapika juzi. Anasema ni mtama wa zamani. Nimempelekea uji.

30 Agosti

Kabichi zinafunga vichwa, mwanangu, ungeziona! Lakini viwavi wamerudi. Na safari hii wanaingia katikati.

2 Septemba

Vifuniko vinne kwa ndoo. Kila tuta. Mgagani nao umelowa, uko hadi magotini sasa, sikuwa na muda wa kupalilia.

3 Septemba

Clemens anakuja kesho! Ana wiki moja kabla ya mafungo ya sala. Nimesugua nyumba kwa udongo mweupe.

4 Septemba, Jumapili

Amefika. Amekonda, amekuwa mrefu zaidi, au ni kola ile nyeupe. Alisoma Injili kigangoni, sauti yake ikafika hadi kwa wachunga ng'ombe nje. Wanawake wote walinigeukia mimi. Sikuinamisha uso, kwa nini niinamishe?

6 Septemba

Sikuandika jana. Mkono haukuweza. Naandika hospitali ya misheni, nimekaa sakafuni, Clemens amelala kitandani juu yangu na anapumua. Anapumua.

Jana asubuhi alisema anakwenda kumsalimu mama yake wa ubatizo. Nikamwambia usikae sana, nimechinja. Mayu Coletha alikuwa hana cha kumpa mgeni mkubwa namna ile, akakimbia bustanini kwangu akachuma mgagani, akaukaanga kwa karanga zake za mwisho. Akampa wote. Yeye akachovya ugali kwenye mchuzi tu. Ndivyo anavyofanya mtu wa kwetu, mgeni anakula mboga na mwenyeji anakula harufu.

Saa saba hivi nikasikia ukelele wake. Nilikimbia bila kanga ya juu. Clemens yuko chini, meno yamebana, mikono na miguu inapiga ardhi, povu. Mayu Coletha amekishika kichwa chake mapajani na yeye mwenyewe anatapika pembeni. "Mwanangu, mwanangu," anasema. Watu walijaa. Masele, ntemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wetu wa kijiji, akafika na upinde wake na vijana. Baba Clemens akakimbilia gari la parokia.

Nilikiona chungu. Niliinama nikakinusa. Harufu ya karanga, na chini yake harufu ya ghala.

Sista wa hospitali aliniuliza: "Amekula nini, mama?"

"Mboga."

"Mboga gani? Ina dawa? Kuna dawa ya kuua wadudu hapo kwenu? Niambie, nimtibu."

Baba Clemens alikuwa amesimama karibu. Masele, aliyepanda nasi gari, alikuwa amesimama karibu. Nikasema, "Sijui. Kala kwa jirani."

Niliandika kwamba sisemi uongo kwenye daftari hili. Basi hapa siusemi. Huko niliusema.

Sista alimtibu hivyo hivyo kwa kubahatisha. Amepona kwa Mungu, si kwa mama yake.

7 Septemba

Amekunywa uji. Kitu cha kwanza ameuliza, "Mama wa ubatizo hajambo?" Halafu akanitazama. "Mama, ile mboga ilikuwa na nini?" Nikamwambia lala, baba.

9 Septemba

Clemens kapelekwa mafungoni moja kwa moja, sisi tumerudi.

Kabla ya kula, kabla ya kusalimia watu, nilikwenda bustanini nikang'oa mgagani wote. Wote, hata vichipukizi. Nilirundika ukingoni mwa shamba, nikasema nitachoma ukikauka, asile mtu mwingine. Nilijisikia nimefanya jambo jema.

10 Septemba

Mkutano wa sungusungu, uwanja wa shule.

Masele alisema shemasi wa Mungu kaingia nyumba ya mtu akiwa mzima katoka amebebwa. Akasema watoto wa huyu mwanamke wamekwenda wapi wote? Mume wake kaenda wapi? Tazameni macho yake. Mayu Coletha alisimama katikati, kitenge chake kimechanika begani. Akasema, "Na mimi nilikula. Nilitapika mbele yenu."

Mtu akapiga kelele nyuma: "Ulitapika mate!" Watu wakacheka.

Masele akanigeukia. "Mama Clemens, mwana ni wako. Una neno?"

Mayu Coletha akanitazama na hayo macho, akangoja. Nilifikiri kabichi, nilifikiri askofu, nilifikiri Salvina akisema "hivi viwili, na mafumbo matano ya rozari." Nilifikiri jina la mwanangu litatajwa pamoja na jina la mama aliyemlisha sumu. Nikasema, "Namwachia Mungu."

Mtu akisema hivyo mbele ya sungusungu, anajua alichosema.

Wamemtenga. Asisalimiwe, asipewe moto, asipewe chumvi, mashine isimsagie, asiteke maji kisimani watu wakiwapo. Atakayesema naye atatozwa ng'ombe. Wengine walitaka zaidi ya hapo. Baba Clemens ndiye aliyesimama akasema inatosha.

11 Septemba

Ibada. Kiti chake kitupu.

13 Septemba

Rundo la mgagani halipo. Labda ng'ombe. Viwavi nawatoa kwa mkono. Dawa sikuigusa tena.

14 Septemba

Nimemwona anateka maji saa ya jua kali, peke yake. Sikusema.

16 Septemba

Sikusema.

18 Septemba

Katekista ametangaza: kamati ya chakula ni Mama Clemens. Watu wananipisha njiani. Sikusema.

20 Septemba

Naandika upesi.

Leo mchana nilikuwa natoa viwavi, nikasikia mtu upande wa pili wa ua wa minyaa. Hakutokeza uso, asinitozeshe ng'ombe.

"Mama Clemens, usinijibu. Nimekuja kushukuru."

Nikasogea karibu na ua.

"Wamenikataza kila kitu. Nikasema nitakula nini mimi? Nikaona umenirundikia mgagani ukingoni, mahali ambapo hakuna atakayekuona. Nikasema huyu ni mtoto wangu, huyu hajanitupa. Nimeuanika wote, nimefanya nsansa. Nimejaza kibuyu. Nikila kidogo kidogo nitafika mvua." Akakohoa. "Kichwa tu kinaniuma. Mungu akulipe."

Nsansa, mwanangu, unaijua: majani yaliyokaushwa juani yawekwe akiba. Akiba yake ni kile nilichong'oa asile mtu.

Nilifungua mdomo. Niliona Salvina anashuka njia na akina mama wa kamati, wanakuja kukagua kabichi. Miguu ya mayu nikaisikia inaondoka. Salvina akasema, "Unaongea na nani?"

"Nasali," nikasema.

Nitakwenda kesho alfajiri. Nitasema yote.

21 Septemba

Alfajiri wamekuja watu wa parokia kupima uwanja wa maturubai. Wameshinda kwangu. Niliwapikia. Sikwenda.

22 Septemba

Nilikwenda mchana kweupe, njia kuu, ntemi aone, kila mtu aone. Nimebeba unga na chumvi na kijinga cha moto. Mlango ulikuwa umeegeshwa.

Alikuwa kando ya mafiga. Amejiuma ulimi. Ardhi imekwaruzwa na visigino. Chungu kilikuwa bado na moto wa mwisho wa kinyesi chini yake, na ndani nsansa, imepikwa kwa maji matupu.

Nilimfumba macho. Nilimwosha mwenyewe. Nilimwambia yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, dumu na vifuniko na sista na mkutano. Nilimwambia nikimwita mayu.

23 Septemba

Baba Clemens nilimweleza jana jioni. Akachukua jembe akaenda kuchimba. Peke yake. Hakuna kijana aliyetumwa. Clemens ameomba ruhusa mafungoni, kafika saa nne amepauka, kavaa stola juu ya koti. Watu walikuja kwa ajili yake, wakasimama mbali, upande wa barabara. Masele na vijana wake nao.

Alipomaliza sala nilisema: ngojeni. Nikasema kwa sauti niliyotumia siku ya kabichi. Nikasema huyu mama hakumroga mtu. Sumu ilikuwa yangu, dawa ya pamba, niliinyunyiza bustanini nikawadanganya kuwa ni rozari. Mwanangu aliila, huyu aliila, na mimi nilijua. Nilijua tangu kwenye chungu. Nitengeni mimi.

Walinitazama. Wa kwanza alikuwa Salvina, akacheka kidogo, puani.

"Mama Padri jamani. Hata kifo cha mtu unataka kiwe chako."

Mwingine akasema, "Ni huruma yake. Mama wa padri lazima awe na huruma." Masele akaja akanishika bega, kwa heshima kabisa: "Mama, tumekuelewa. Una moyo mkubwa. Nchi imeshapoa, usitufukulie. Tuna askofu wiki ijayo." Nikamwambia twende ghalani nikuonyeshe dumu. "Dumu kila nyumba lipo," akasema.

Hawakuamini, au hawakutaka. Miaka yote nimejisifu nikaaminiwa. Leo mimi Febronia nimesema kweli, wakasema najisifu.

Clemens ndiye aliyeamini. Tulibaki watatu kaburini. Alisema, "Nilikuuliza hospitalini, mama." Kisha akasema, "Nipe daftari ukilimaliza. Usichane hata ukurasa." Halafu akachukua jembe mkononi mwa baba yake akafukia.

25 Septemba

Nimeng'oa kabichi. Mia tatu na sabini na nane, vichwa vizito, vyeupe, sijaona nzuri kama hizo na sitaona. Baba Clemens amechimba shimo la kina cha mtu, mbali na kisima, tukafukia pamoja na dumu. Salvina alisimama ukingoni amejishika kichwa. "Umeingiwa na nini? Watu mia tatu wale nini?" Nikamwambia maharage. "Mchoyo wewe! Bora zioze kuliko sisi kula!"

2 Oktoba

Clemens amekuwa padri. Watu walikula maharage. Alipotupa baraka yake ya kwanza, baba yake alipiga magoti upande huu na mimi upande ule, Clemens akaweka mkono kichwani pangu akauacha hapo muda mrefu. Sikujua kama ni baraka au ni uzito tu wa mkono. Vigelegele sikuvisikia.

17 Novemba

Mvua ya tatu. Bustanini sikupanda kitu, lakini mgagani umeota wenyewe, palepale, wa kijani kuliko wote kijijini. Bwana shamba Selestine nilimweleza yote. Alivua kofia akasema hakuna ajuaye lini udongo ule utakuwa safi, labda mwakani, nisubiri. Nimezungushia miiba. Nashinda hapo tangu asubuhi na fimbo.

Leo Salvina na wenzake walikuja na vikapu vyao.

"Tupishe tuchume."

"Hapana."

"Mgagani, Mama Padri? Unatunyima mgagani? Tangu lini mtu akanyimwa mgagani?"

"Nina sumu humu, nimewaambia."

"Ah, hiyo hadithi yako." Akatema mate. "Coletha maskini, mchawi yule, lakini mgagani hakumnyima mtu." Wakaondoka wakiniimba njia nzima, mchoyo, mchoyo, mpaka watoto wakaupokea wimbo.

Nimewaacha waimbe. Kesho nitawahi zaidi, maana Salvina akikasirika huja alfajiri.

Clemens, ukurasa umekwisha. Sijachana hata mmoja.